Mitad Moja, Msiba wa Mtaa Mzima

Jumatatu, 3 Yekatit

Nimeanza rasmi. Tovuti yangu iko hewani, inaitwa Mitad Bora. Ukurasa mmoja, picha mbili, na makala ndefu ya kuisifu mitad mpya ya umeme, ile ya mfuniko mwepesi, inayopika injera, mkate wetu mpana wa kila siku, bila moshi. Mitad yenyewe si yangu. Utamu uko hapo hapo. Ni ya duka moja la mtandaoni kule Bole. Mimi naweka linki tu. Mtu akibofya akanunua, duka linanipa kamisheni. Sibebi mzigo, silipi kodi ya fremu, sibembelezi mteja.

Siri hii nimeipata kwa binamu yangu Sisay, anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ana tovuti ya makava ya simu, na sasa ana kochi la kona. Anasema pesa inaingia huku amelala. Leo nimelala kuanzia mchana mpaka jioni. Haikuingia.

Mama aliuliza kama hii ndiyo kazi. Nikasema ndiyo. Akauliza mwajiri ni nani. Hakuna. Akauliza hizo mitad ziko wapi. Sijui. Akarudi kuchagua dengu zake. Alisema tu nisije nikaiharibu ile kazi niliyo nayo.

Ile kazi haina mshahara, ina heshima. Mimi ndiye mtangazaji wa idir, chama chetu cha kufa na kuzikana. Zamani mzee mmoja alipita mtaani alfajiri na tarumbeta akitaja aliyefariki. Siku hizi kuna kundi la simu, na ndani yake naandika mimi peke yangu. Picha ya marehemu, jina, nyumba. Basi. Mama ni mwanachama tangu ujana wake. Kila siku anasema haombi kikubwa duniani, ila siku yake ikifika, hema la idir lisimame uani kwetu.

Jumanne, 4 Yekatit

Mibofyo saba usiku mmoja! Nikamwamsha mama. Baadaye duka likaniandikia kwamba yote saba ni ya kwangu mwenyewe, na kujibofya hakuruhusiwi. Sasa linki nimepewa mimi, jina langu limo ndani yake, halafu nisiiguse?

Jedwali lao nalo silielewi. Kuna mahali pameandikwa "kiwango cha ubadilishaji: sifuri". Nani abadilike awe nani, hawasemi. Tena eti mtu akibofya leo akaondoka, akarudi baada ya wiki mbili akanunua, bado nahesabiwa mimi. Wanamkumbukaje? Mimi mtu wa juzi tu nimeshamsahau.

Nikamfuata Sisay. Akasema, bila kutoa macho kwenye runinga, kwamba tovuti bila wageni ni chumba kitupu. Nitafute wageni.

Wageni! Wageni kwetu wapo kila siku, mama akichoma kahawa.

Alhamisi, 6 Yekatit

Jana wageni walikuja watano. Sikuwasumbua kwenye kikombe cha kwanza wala cha pili. Kwenye cha tatu, cha baraka, ambapo hakuna muungwana anayeinuka kabla ya kumaliza, nikapitisha simu na kuwaomba kila mmoja abofye. Wakabofya kwa adabu. Mama mmoja akauliza kama mitad imo ndani ya simu na inatolewaje. Mwingine alibofya, kisha akampigia mwanawe wa Dubai kwa bahati mbaya, wakaongea mpaka salio langu likaisha.

Mauzo: sifuri. Mama amenikataza kuleta simu kwenye kahawa yake. Alisema nimeifanya baraka iwe na masharti.

Halafu leo, nikiwa naoga, wazo likanijia. Kundi la idir! Familia mia tatu. Hakuna anayepuuza ujumbe wake. Mtu anaweza kuacha simu ya bosi ikilia, lakini ile anaifungua kabla hajavaa viatu.

Nilijiuliza kama ni vibaya. Nikajijibu kwamba ni mara moja tu, na kwamba mitad inawafaa pia waliofiwa, maana wageni wa msiba lazima wale injera. Nikaridhika na jibu langu.

Kinachotakiwa ni mtu wa kuaminika wa kuishuhudia. Yupo. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Gashe Gezahegn, mpima magunia mstaafu wa ghala la kahawa, alinunua mitad hiyo hiyo mwezi uliopita. Nikamwomba picha. Akafurahi mno. Akaenda kuvaa koti, tai, na ile shela nyeupe ya kujitanda kanisani, akasimama kando ya mitad kama anaapishwa.

Ijumaa, 7 Yekatit

Matatizo madogo ya picha. Tai ilikuwa na doa la mchuzi, nikaigeuza picha iwe nyeusi na nyeupe. Kundi likakataa picha pana, nikaikata. Ikabaki sura yake na shela. Mitad haimo tena, lakini maelezo yapo chini, nimeyaandika kwa Kiamhari safi: jina lake, nyumba yake, kwamba anaipendekeza mitad hii kwa wote, na linki.

Duka linashauri tutume wakati watu wanashika simu. Idir yetu hutangaza saa kumi na mbili asubuhi. Macho ya watu yamezoea saa hiyo. Nitatuma saa hiyo hiyo.

Jumamosi, 8 Yekatit

Sijui nianzie wapi.

Nilituma saa kumi na mbili kamili. Kabla chai haijachemka, mibofyo mia! Nikakaa kitandani naitazama ikipanda. Mia moja na themanini. Mia mbili na zaidi. Nikaanza kuchagua kochi, la kona pia, lakini kubwa kuliko la Sisay.

Kisha nikasikia kilio. Upande wa pili wa ukuta. Kwanza mwanamke mmoja, halafu kumi, halafu uwanja mzima. Msiba! Nikakasirika sana. Mtu anakufaje mtaani kwetu bila mtangazaji kuambiwa? Nikajua ni Sisay, ameanza kunipindua.

Nikatoka na kandambili. Hema lilikuwa limeshasimama uani kwa Gashe Gezahegn, mabenchi yamepangwa, sufuria la ngano na kunde liko jikoni. Nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa anajipiga kifua ni nani. Akasema ni Gashe mwenyewe.

Juzi tu nilimpiga picha! Juzi tu alinyoosha tai mbele yangu akiuliza kama anaonekana kijana! Nilikaa chini kwenye vumbi nikalia. Wala sikuona aibu, nililia kwa sauti, nikamwita Gashe baba yangu, nikasema bora ningeondoka mimi. Watu wawili walinishika mabega. Ato Tilaye, mwenyekiti wa idir, mtu asiyecheka hata sikukuu, alinipa kitambaa chake na kuniambia nijikaze. Kisha akauliza kwa upole kwa nini ile linki ya ratiba ya maziko inafungua majiko. Nikamwambia ratiba gani. Akadhani ni uchungu umenivuruga.

Mlango ulikuwa umefungwa. Mke wake haonekani. Wakanong'onezana kwamba labda yuko na maiti hospitalini. Kumbe wote wawili walitoka saa kumi alfajiri kwenda kuoga maji ya baraka Entoto, na simu wameacha ndani.

Walirudi saa nne. Gashe Gezahegn akaliona hema uani kwake. Hakuuliza. Kwetu mtu haulizi, analia kwanza. Akavua kofia, akaingia akilia, akajibana kwenye benchi katikati ya wazee na kuinamisha kichwa. Baadaye alieleza alidhani ni mpangaji wake wa chumba cha nyuma. Mzee wa kulia kwake akampa pole. Wa kushoto akampa ngano. Akala kidogo. Kisha akamgusa Ato Tilaye goti na kumuuliza aliyetutoka ni nani.

Ato Tilaye alimtazama, akasogea mpaka mwisho wa benchi. Mama aliyekuwa anagawa ngano akaangusha sinia. Nusu ya hema ikakimbilia barabarani, nusu ikapiga magoti.

Mimi nilimkumbatia. Nilikuwa wa kwanza. Nikamwambia amefufuka.

Ndipo Sisay, aliyekuwa amesimama na simu yake, akasoma ujumbe wangu kwa sauti mpaka mwisho. Nadhani alikuwa mtu wa kwanza kuusoma mpaka mwisho.

Jumapili, 9 Yekatit

Kikao cha idir baada ya kanisa. Wote walikuja. Sikulala, wala mama hakulala.

Ato Tilaye alisimama akasema nimelichezea jambo lisilochezewa, na kwamba kanuni iko wazi: kitabu cha uanachama cha familia kifungwe. Familia. Si mimi peke yangu.

Nikamwangalia mama. Alikuwa ameshika pindo la shela yake kwa mikono miwili. Nikataka kueleza kuhusu linki na mibofyo, nikaeleza, nikaona sura zinazidi kukunjamana, nikakaa.

Mama akainuka. Alisema mwanawe Wondwosen si mwovu, ni mjinga. Alisema amepika kwenye misiba ya kila nyumba iliyokaa pale, na hajawahi kuona idir ikifukuza mjinga, maana wangebaki wangapi wa kulibeba hema. Akasema tu kwamba anaomba asizikwe kama mgeni.

Ato Tilaye akasema aamue aliyekosewa.

Gashe Gezahegn akainuka polepole. Alisema tangu jana anauliza jambo moja tu: nani alilia, na kiasi gani. Amesikia kwamba shemeji yake alikuja akala akaondoka. Amesikia kwamba yule mpangaji, ambaye yeye Gashe alimlilia, alikuwa anajadili kodi. Na amesikia, kwa midomo ya watu wengi, kwamba aliyelia kuliko wote, mpaka akagaagaa, ni mimi. Akasema yeye hawezi kumfukuzia mtu wa namna hiyo mama yake.

Kitabu cha mama kimebaki. Mimi nimevuliwa utangazaji, nitabeba hema na kuosha masufuria. Mtangazaji mpya ni Sisay. Sikushangaa.

Mama alinishika mkono njia nzima.

Jumatano, 12 Yekatit

Tangu Jumapili sijala vizuri. Nilikuwa nimeamua kuifunga tovuti leo, kabisa. Nilimwambia mama. Akasema ni uamuzi wa busara, kisha akanitazama sana.

Nimetoka kidogo kutafuta hewa. Kurudi, namkuta Sisay mlangoni kwetu, anamrudishia mama simu yake. Hata wageni wangu wa nyumbani anawaiba! Nikamwambia amuache mama yangu. Akanipigapiga bega akaenda zake.

Jioni nikafungua tovuti niifunge. Mauzo: moja!

Nimesoma mara nne. Moja! Mnunuzi hajatajwa jina. Ni mtu wa mbali, labda Hawassa, labda hata nje ya nchi, aliyesoma makala yangu na kuguswa.

Kisha pikipiki ikaleta mzigo mlangoni kwetu. Mitad, mpya, na mfuniko wake. Hapo nilichanganyikiwa kidogo, lakini nimeshapata maelezo: duka humpa zawadi anayeuza ya kwanza. Mama alisema huenda ikawa hivyo. Alisema pia ile shela mpya ya sikukuu aliyokuwa akiiwekea akiba hataitaka tena, ya zamani bado ina nguvu.

Basi sifungi kitu! Nimejiunga na maduka mengine mawili. Moja la friji, moja la mashine za kufulia, zile kubwa za mlango wa mbele.

Mama amekaa muda mrefu jikoni, anaisugua mitad ambayo haijapikiwa bado. Kisha akaniita. Ameniomba, kama naweza, safari hii nianze na kitu cha bei ndogo ndogo, hata vijiko. Sijaelewa yeye inamhusu nini. Nimeanza na friji.