Nusu Saa ya Mama Lucky

Watson Sichone (Baba Lucky),
Fundi Maturubai, Foleni ya Malori,
Chapwa, Tunduma.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kutoa Fedha za Kutafiti Hisia za Watu Wazima,
Dar es Salaam.

YAH: KUOMBA MSITOE TENA FEDHA ZA KUCHUNGUZA WAZEE WANAVYOTULIZA HASIRA, MPAKA MKE WANGU ARUDI

Ndugu Mwenyekiti,

Kabla ya yote, ujue unaandikiwa na mtu mwenye bahati kuliko wote Chapwa. Nina miaka sitini na mitatu, meno yote ni ya kwangu, na tangu kahawa ya Mbozi ikiwa bado ya kijani, nyumba nzima ni yangu peke yangu. Nalala katikati ya kitanda, mikono huku na huku kama chifu. Redio nafungulia sauti niitakayo. Ugali nakula saa yoyote, na hakuna wa kuniambia, "Baba Lucky, umeanza tena." Wanaume wa rika langu wananionea wivu. Kwa hiyo usidhani nalalamika kwa shida. Nalalamika kwa ajili ya haki.

Shule niliishia la saba. Saikolojia sijasoma, ila nimesoma foleni. Ujana wangu wote nimeumalizia mpakani nikishona maturubai ya malori. Nasalimia kwa Kibemba, natukanwa kwa Kifaransa cha Kongo, najibu kwa Kinamwanga, na bado nalipwa. Mambo ya hisia nayajua tangu hujapata hicho kiti. Malalamiko yangu ni haya:

1. Tangazo lenu. Mlimpa kijana wa kipaza sauti atangaze kwamba mnatafuta wazee kwa ajili ya "udhibiti wa hisia". Kijana yule ana haraka, na spika yake imepasuka. Chapwa nzima ikasikia "udhibiti wa hisa". Ndugu Mwenyekiti, mtu wa Tunduma akisikia hisa hakai chini. Wazee walikuja na vitabu vyao vya vikoba kifuani, Mama Lucky wangu akiwa mbele, amejifunga kitenge kipya, akijua mgao umefika. Walipoambiwa kinachotafutwa ni hasira zao, hakuna aliyefoka. Binti wenu wa utafiti, Angel, akaandika palepale kwamba wazee wana utulivu mkubwa. Haukuwa utulivu. Walikuwa wameshaona kreti za soda.

2. Mahali. Utafiti mkaufanyia ukumbi wa kanisa, kivulini, sambusa kwenye sahani. Hata nyuki ukimpa soda na kivuli atatulia. Mngekuja kwenye foleni. Pale mngemwona dereva kijana ambaye lori lake halijasogea tangu juzi. Anapiga usukani, anampigia simu bosi, anampigia mama yake, mwisho anapiga teke tairi na kuanza kuchechemea. Nyuma yake kuna dereva mzee wa Ndola, kaweka jiko pembeni ya tela, anachemsha chai. Nilimuuliza siri yake. Akaniambia, "Mukwai, ndugu yangu, hasira nimeisafirisha miaka mingi, haijawahi kufika kabla ya lori." Hayo ndiyo matokeo yenu yote, na mimi niliyapata bure, na kikombe cha chai juu yake.

3. Swali la nusu saa. Hapa ndipo mlipobomoa nyumba. Angel alituuliza mmoja mmoja pale benchini, wengine wakisikia: ukipewa nusu saa ya bure, ungependa kukaa na nani? Mama Lucky, mwanamke niliyemtoa Ileje kwa ng'ombe wanono, akafikiri kidogo, akasema, "Na dada yangu Gwantwa, kule Itaka, Mbozi." Badala ya kumsahihisha, Angel akampongeza. Akatueleza kwamba kadiri mtu anavyozeeka ndivyo anavyopunguza watu. Anabaki na wachache wanaompa raha, wanaomkera anawaweka kando bila ugomvi, na ndiyo maana moyo wake unatulia. Ndugu Mwenyekiti, hata kama jambo hilo ni kweli, linasemwaje mbele ya wake za watu?

Kesho yake Mama Lucky alifunga mzigo. Hakununa, hakufoka, hata mlango hakuubamiza. Aliniachia mboga sufuriani, akasema anakwenda kutumia nusu saa yake. Kahawa ya Itaka imeiva, imechumwa, imemenywa, imeoshwa, sasa nasikia iko kwenye vichanja inakauka, na nusu saa bado haijaisha.

Angenuna ningejua dawa. Mtu aliyenuna unamnunulia kitenge cha Zambia, unatanguliza mshenga, mambo yanaisha. Aliyetulia unamfanyaje? Nilikwenda kwa Mzee Ambwene, mshenga wetu tangu ndoa, anipeleke Itaka tukazungumze. Akauliza, "Mligombana nini?" Nikasema hatukugombana. Akavuta blanketi lake, akasema, "Mwanangu, mimi nasuluhisha ugomvi. Utulivu hausuluhishwi."

4. Hili nimelifuta. Nililiandika nikiwa na hasira. Mnaweza kuliingiza kwenye utafiti wenu kwamba mzee wa Chapwa alijidhibiti.

5. Maambukizi. Huyo huyo Ambwene siku hizi akiwaona wakwe zake anavuka barabara, na ukimuuliza anasema ni utafiti. Sasa nasikia mnataka kutoa fedha nyingine, mwende mpaka Saza, kwenye migodi. Mkifika kule kwenye dhahabu kila mchimbaji mzee atamchagua mtu wake wa raha, na shimoni atabaki nani? Mkimaliza mkoa mtahamia nchi nzima. Taifa zima litatulia, ndoa zote zitatulia, na hakutakuwa na nyumba yenye watu wawili.

6. Kwa hiyo naomba fedha hizo zisimamishwe. Kama lazima mtafiti, tafitini vijana, hasira wanazo za kutosha na hakuna atakayezikosa. Pia mnirudishie Mama Lucky katika hali mliyomkuta, yaani akinigombeza.

Nisalimie wahasibu wenu, nisalimie dereva aliyenasa kwenye tope la kanisa tukamsukuma. Angel mwambie sina kinyongo naye, ila ale, amekonda. Msalimie na mwenza wako nyumbani, kama bado hamjaulizana hilo swali.

Aliyetulia kwa kukosa wa kugombana naye,
Watson Sichone

N.B. Nimeisoma tena barua hii na kuna kitu nimekiruka. Swali la nusu saa niliulizwa mimi kwanza. Nilijibu kwa sauti, benchi zima lisikie, kwamba ningependa kukaa na tajiri mmoja wa malori wa Lubumbashi, tuongee mambo ya dunia. Mama Lucky alikuwa ubavuni pangu, amenishikia soda yangu. Alinitazama, ndipo akamjibu Angel.

Basi fedha toeni, hata mara mbili, mradi gari lenu lipitie Itaka kwanza. Angel aniulize upya lile swali, Mama Lucky akiwepo. Jibu ninalo.

Na ile bahati niliyoanza nayo ni uongo. Nalala ukingoni, upande wangu uleule, na redio sijaiwasha.