Mchumba Aliyekataa Kufunguka kwa Narendra

Dukani kwa Narendra, Vipuri vya Mashine,
Kahama.
Machi, 1999.

Kwa Mpwa wangu Limi binti Maduhu,
Chuoni, India.

YAH: MALALAMIKO MAZITO KUHUSU MANENO YA BLUU YASIYOBONYEZEKA

Mpwa wangu,

Anayekuandikia ni mimi mjomba wako Bujiku, ambaye wazungu wa mgodi wa Bulyanhulu hawatii sururu ardhini kabla ya kuja kuniuliza dhahabu imelalia ubavu gani. Nakukumbusha tu, maana imeili yako ilikuja kana kwamba unamwandikia mtu wa kawaida.

Mwangaluka, kwa salamu ya kwetu Usukumani. Sisi wazima. Mama yako Generosa naye mzima, ila chakula hakimpandi, na sababu ni wewe. Umeandika kwamba Bwana Chikondi, Mmalawi anayefundisha hapo chuoni kwenu, anataka kukuoa. Kwamba hukubali mpaka sisi tukubali. Na kwamba sura yake na habari zake zote ziko kwenye kompyuta ya chuo, tubonyeze tu maneno ya bluu uliyoyaweka chini, tutamwona. Tangu baba yako alipotutoka, ukoo umeniachia mimi neno la mwisho. Wamesema mjomba amtazame huyo bwana, amsome, kisha aseme ndiyo au hapana. Kikao ni Jumapili ya Pasaka. Sasa sikiliza yaliyonipata.

1. Imeili yako haina shikamoo. Imeanza moja kwa moja, "Mjomba, habari za huko." Nilimwomba Urvi, binti wa Narendra, ambaye ndiye anayekaa na ile kompyuta, apandishe maandishi juu kabisa, pengine salamu imejificha. Hakuna. Sasa mtu hajanisalimia, mimi sijaitika, mlango utafunguka kwa lipi? Hata hivyo niliitika marahaba kwa sauti, mbele ya wateja waliofuata vipuri, ili kuisaidia mashine. Nikabonyeza. Kimya.

2. Ile mausi nimeishika kwa adabu zote. Mkono huu umepima dhahabu Geita nzima, na mizani ya dhahabu hata ukiipumulia inahama, kwa hiyo nilizuia pumzi kama ninavyofanya kazini. Kamshale kalipofika kwenye bluu kakageuka kamkono kadogo kananyoosha kidole. Nikafurahi, nikajua tumekaribishwa. Nikabonyeza mara moja. Nikabonyeza mara mbili haraka haraka. Nikabonyeza nikakaza mpaka jasho likanitoka. Narendra akapaza sauti kutoka kaunta, "Mjomba, hiyo siyo pampu ya baiskeli!" Watu wakacheka, Limi. Mimi! Duka zima!

3. Urvi ana maelezo yake. Anasema programu ya barua haijaambiwa imkabidhi nani hizo linki, yaani yale maneno ya bluu, na ile programu nyingine ya kufungulia kurasa imekaa pembeni haina habari. Yaani wawili wanakaa sanduku moja na hawajuani! Nikamwambia jambo hilo Kahama haliwezekani, hapa mgeni akilala siku mbili anajulikana yeye na mbuzi wake. Akaingia huko ndani ya mashine anakokujua yeye, akasema amekwisha kuwatambulisha. Nikauliza, katika hao wawili nani mkubwa, nani amemwamkia mwenzake? Akasema hakuna mkubwa. Ndiyo maana hawasikilizani.

4. Linki yenyewe ni ndefu kama mwaka wa njaa. Haikuenea mstari mmoja, ikakatika: nusu ya juu bluu, nusu ya chini nyeusi. Urvi anasema huo ndio ugonjwa mkubwa, kwamba ukibonyeza inakwenda nusu ya anwani tu, haifiki kwa mwenyewe. Alitaka azichukue nusu zote mbili aziunge upya kwenye ile programu nyingine. Nilikataa kwa niaba ya ukoo. Mkwe hatumpokei vipande vipande.

5. Kisha kuna simu. Narendra anaunganisha kompyuta na simu asubuhi, barua zikishaingia anakata, kwa sababu biashara yake inategemea laini hiyo hiyo. Mimi nafika saa nane mchana nabonyeza kwa nguvu zote, kumbe barabara imefungwa tangu asubuhi na hakuna aliyeniambia! Nikadai iunganishwe. Ikaunganishwa, mashine ikalia kama fisi aliyekanyagwa mkia. Tumekaa tunangoja, Narendra huyo, kasahau, kainua mkono wa simu apige Mwanza kuagiza fanbelti. Ikakatika. Fanbelti, Limi! Ukoo mzima unangoja mume, mtu anaagiza fanbelti.

6. Uchunguzi wangu wa kitaalamu ni huu: chini ya duka la Narendra kuna mwamba wa dhahabu, nao unavuta ule mshale pembeni. Nimemweleza mzungu mmoja wa Bulyanhulu jambo hili kwa Kiingereza, kirefu, mpaka akaniomba tuendelee kwa Kiswahili kwa kuwa Kiingereza changu kilikuwa kizito kwake. Kisha akaniaga kwa heshima.

Baba yako mkubwa Maige, ambaye unajua hajawahi kunyamaza, ameshaanza kusema kwamba mwanamume anayekataa kufunguka hapa mjini, ukweni je? Atakaa siku tatu anatazama ukuta? Na mama yako akimsikia anaacha kijiko mezani, anatoka nje.

Kwa hiyo naagiza haya yafuatayo. Kwanza, chuo kimtoe huyo bwana kwenye bluu, kimweke kwenye nyeusi ya kawaida kama wanaume wengine. Pili, kama chuo hakiwezi, basi aje mwenyewe. Ashuke ndege Malawi, avuke mpaka pale Kasumulu, apande mabasi mpaka hapa, asimame pale pale ilipo kompyuta, tumbonyeze kwa mikono yetu tujue kama anaitika. Tatu, mpaka hapo hakuna ndoa. Hata ukihitimu, hata ukiwa daktari wa dunia, ndoa isimame mpaka linki ifunguke. Neno la mjomba limetoka.

Barua hii imebebwa na Sanket, mdogo wake Narendra, anayekwenda huko India kuwaona wazee wao. Ataiposti akishuka ndege. Wasalimie walimu wako, wapishi wa chuo, na huyo bwana msalimie kidogo tu, asije akadhani tumekubali. Hapa wanakusalimu mama yako, Maige, jirani yetu Mwanaima, Urvi, na Narendra pia, ingawa ya pampu sijamsamehe.

Wako niliyechoka kidole lakini si msimamo,

Mjomba Bujiku,
Mshauri wa Ardhi na Dhahabu, Kahama na Geita.

Nyongeza (usimsomee mtu):

Ilifunguka. Siku ile ile ya fanbelti, Narendra alipotoka kwenda kula, Urvi aliziunga zile nusu mbili bila kuniuliza, akaunganisha simu, ikakubali. Bwana Chikondi alitokea pole pole, kama mchimbaji anavyopandishwa kwa kamba kutoka shimoni: nywele kwanza, halafu paji la uso, halafu macho, mwisho tai. Ana uso wa mtu anayewahi kusalimia.

Chini ya sura kulikuwa na maandishi, ukurasa mzima, Kiingereza kitupu. Urvi akaniuliza, "Nikusomee, Mjomba?" Nikamwambia asinisumbue, nasoma. Nikapeleka macho huku na huku kwa kitambo cha heshima, kisha nikasema linki hii mbovu, funga. Humo ndani nilichotambua ni jina lake na neno Malawi tu.

Sasa niandikie kwa Kiswahili, mistari miwili inatosha: ni mtu wa namna gani, na anakutunza? Iwahi kikao. Mimi kwa lile paji la uso nilishamkubali, lakini siwezi kusimama mbele ya Maige nikasema tupitishe paji la uso. Ukituma imeili, weka shikamoo juu, na hayo maneno yaandike humo humo kwenye barua. Usiyaweke kwenye bluu.