Mgomba Uliovaa Koti Langu

Ndugu zangu wa Bungoma,

Leo asubuhi mama mkwe ameniona nimejifunga leso ya mke wangu. Leso na fulana. Basi.

Mnaojua mila zetu, wekeni kikombe chini kwanza. Tangu nimwoe Nekesa, miaka kumi na miwili, mimi na mama yake hatujatazamana usoni. Nikimwona njiani, mimi huingia shambani. Akiniona yeye, huchutama nyuma ya ua na kukohoa mpaka nimpishe. Heshima hiyo tumeitunza miaka yote. Leo imekwisha kabla ya chai.

Chanzo ni mgomba.

Nilipohamia huku Kitale kufundisha, mama mkwe alimpa Nekesa machipukizi matatu ya migomba ya kwao Sirisia. Yakaja na ujumbe: "Mwambie huyo mwalimu wako, akishindwa kulea mgomba, nitajua vile analea binti yangu." Mawili yalikufa Januari ya kwanza. Nyumba yetu iko bondeni karibu na kijito, na Januari huku umande huganda ukawa mweupe juu ya nyasi kama chumvi. Mgomba wa tatu ulidumaa, ukawa mfupi kama mimi, lakini mwaka huu umezaa. Nekesa akapeleka habari kwao. Mama akajibu kwamba anakuja kuuona mkungu huo kwa macho yake.

Juzi umande ukaganda tena. Nikaona nimekwisha.

Msomi akibanwa hukimbilia kitabu. Ninacho kimoja, cha Mzungu anayepanda migomba kwao, mahali penye theluji. Anaagiza uondoe majani makavu yote, ufunge shina kwa nyasi na magunia, kisha ufunike kichwa. Jana jioni nilimtii neno kwa neno. Niliunyoa mgomba majani yote makavu yaliyoning'inia, ukabaki nadhifu kama mwanafunzi siku ya ukaguzi. Nikaufunga nyasi. Magunia yalikuwa mawili tu, yakaishia magotini (tuyaite magoti). Palipobaki nikazungushia suruali yangu ya kulalia. Juu nikauvisha koti langu kubwa la jeshi, lile nililonunua baada ya vita. Mkungu ukaingia ndani ya koti ukawa kitambi, na vifungo vikakataa kufunga, vile vinavyokataa kwangu. Majani mabichi nikayakunja, nikayafunga kwa kamba, nikaweka kofia yangu ya Jumapili.

Nekesa alitoka jikoni akatazama kwa muda.

"Baba Wafula," akasema, "huyo anakushinda kusimama wima."

Nililala nimejifunga leso yake, kwa sababu suruali ya kulalia ilikuwa kazini, na ile ya khaki alikuwa ameifua, inakauka jikoni juu ya moto.

Sasa, mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe wake. Alilala kwa jamaa yake mjini, na kabla ya kupambazuka akashika njia. Nekesa alikuwa ameenda kijitoni kuteka maji. Mimi nilikuwa usingizini. Yaliyotokea hapo nimesimuliwa na jirani yetu Mama Wanjiru, ambaye watu wake walitoka upande wa Kiambu, na ambaye hajawahi kusimulia jambo kwa ufupi.

Mama alifika langoni, ukungu ukiwa mzito, akamwona mkwe wake amesimama kando ya njia na koti na kofia. Akachutama nyuma ya ua, akakohoa. Mkwe hakusogea. Akakohoa tena. Mama Wanjiru, akipita na maziwa yake, akamkuta hapo meno yanagongana.

"Mama, si uingie? Utakufa na baridi."

"Mkwe yuko kwa njia. Nangoja anipishe."

"Umengoja tangu saa ngapi?"

"Tangu ndege waanze kulia."

Mama Wanjiru akapaza sauti juu ya ua. "Wewe Mwalimu, si utoke kwa njia mama apite? Ama hayo masomo yamekuziba masikio?"

Kofia haikugeuka.

"Ati hata hatingishiki." Akachungulia vizuri. "Mama, huyo hajakataa. Huyo ameganda." Kisha akapiga mayowe: "Nekesa! Kuja! Bwana yako amekufa akiwa amesimama!"

Mayowe hayo ndiyo yaliyoniamsha. Si kila siku mtu anaamka na kusikia kwamba amekufa. Nikatoka mbio kuhakikisha.

Mama mkwe alikuwa ameruka ua (kwa umri ule). Mila ameiacha upande wa pili pamoja na kikapu chake. Ameukumbatia mgomba kwa mikono miwili, anasugua mabega ya koti langu ili yapate joto, na analia.

"Baba Wafula, usiniachie mtoto peke yake. Mimi nilikuwa nakusema tu kwa mdomo. Mkwe mzuri kama wewe nitampata wapi? Hata kama kulima hujui."

Nilisimama mlangoni. Miaka kumi na miwili nilidhani mama huyu ananivumilia tu. Machozi yakanijia, nikasahau nimevaa nini.

"Mama," nikasema, "niko hapa."

Akageuka. Akanitazama mimi. Akalitazama koti alilolikumbatia. Akaitazama leso, ambayo fundo lake lilikuwa limeanza kulegea. Hapo ndipo Nekesa alipotokea na ndoo, akatuona watatu, mama, mume na mgomba, akaketi kwenye umande akacheka mpaka maji yakamwagika yote.

Mama akajifunika uso, akachutama. Mimi nikarudi ndani kinyumenyume.

Kwa mila, aibu kama hiyo lazima ifutwe kwa kitu. Nikamwambia Nekesa kupitia dirisha, "Mvue yule koti, umpe mama. Mbuzi atafuata." Koti likavuliwa. Kisha nikasikia mama akiongea na binti yake, kwa sauti ya kunifikia mimi.

"Muulize mwalimu, nani ameuvua mgomba nguo zake?"

"Anasema ni kitabu, mama."

"Basi kiambie kitabu, yale majani makavu ndiyo koti la mgomba. Mungu mwenyewe ameushonea. Mwalimu analivua, halafu anaupa la kwake. Na asipande tena huku chini. Baridi inashuka kama maji, inakuja kulala bondeni. Chipukizi linalokuja liende juu pale kwa mteremko."

Akayaokota majani yangu niliyoyanyoa, akayafunga moja moja kuzunguka shina. Akaukwaruza mkungu kwa ukucha. "Uko mzima," akasema. Nilishukuru nikiwa nimeketi sakafuni.

Sasa ni mchana. Mama yuko jikoni, amevaa koti langu, na Nekesa anasema limemkaa vizuri kuliko lilivyotukaa mimi na mgomba. Anarudi nalo Sirisia, na sijawahi kutoa kitu kwa moyo mweupe kama huo. Suruali yangu ya khaki pia iko jikoni, inaning'inia juu ya kichwa chake, na hakuna kati yetu anayeweza kuitaja. Kwa hiyo nimekaa kitandani na leso, nawaandikia nyinyi.

Mkiisoma barua hii sokoni Misikhu, tafadhali msicheke kwa sauti. Watu wa Sirisia hupita hapo, na mimi ni mkwe mzuri. Nimesikia mwenyewe.