Ombi la Molekuli Moja Kivukoni Mnarani

Mnarani, Kilifi
Alhamisi, 12 Juni 1986

Kwa Bwana Msimamizi wa Kivuko,

Salamu nyingi za heshima, na pole kwa kazi. Natumaini barua hii itakukuta ofisini, bahati ambayo mimi sikuipata katika mara zote nane nilizokuja.

Mimi ni Joram Ndirangu, mtu wa bara niliyeletwa pwani na ualimu. Nimeoa hapa Mnarani, na shule ninayofundisha fizikia iko ng'ambo, Kilifi. Kati yangu na kazi yangu kuna maji kidogo na feri yako. Kwa sababu ya feri hiyo nimepewa barua mbili za onyo za kuchelewa. Ya tatu ni ya kunifuta kazi. Mwalimu mkuu, Bwana Mwambire, ameniambia ameshaipiga chapa, imebaki kujaza tarehe tu.

Juzi binamu yangu aliyeko masomoni Ulaya alinitumia jarida la sayansi. Humo wataalamu wanaeleza jinsi mkondo wa umeme unavyoweza kupita katika molekuli moja peke yake. Molekuli, Bwana, ni chembe ndogo mno, hata mamilioni yake yakikaa kwenye ncha ya sindano hayasongamani. Wanasema ikiwekwa katikati ya vipande viwili vya dhahabu visivyogusana, itavusha elektroni, yaani vile vichembe vya umeme, kutoka ukingo huu hadi ule. Nilipofika hapo niliweka jarida chini nikakufikiria wewe, maana kazi ni ile ile. Nimewalinganisha bila upendeleo, na malalamiko yangu ni haya:

1. Molekuli hushika kingo zote mbili. Wataalamu wanasisitiza kwamba ncha zake zisiposhikamana sawasawa na dhahabu, umeme haupiti ipasavyo. Feri yako hushika ukingo ikipenda. Maji yakipwa, ule mlango wake wa chuma hubaki ukining'inia, nasi tunaruka kama mbuzi. Jumanne iliyopita Kache, mchuuzi wa samaki, aliruka na karai lake kichwani. Yeye alifika, samaki wakarudi walikotoka.

2. Elektroni huvuka moja moja. Iliyomo ndani ya molekuli huizuia inayofuata mpaka yenyewe ishuke, na wala hapahitajiki askari. Kwako wewe, mwenye gari la bendera hufika wa mwisho akapanda wa kwanza, nasi tuliofika alfajiri tunaambiwa tusogee nyuma. Nimesoma jarida zima, sikukuta hata elektroni moja iliyotaka kupishwa kwa sababu shemeji yake yuko wizarani.

3. Elektroni haikawii njiani. Muda inaoutumia ni mfupi hata chai haiwezi kumiminwa. Nahodha wako Kiponda huimimina, huipoza, huinywa, huongeza mahamri mawili, kisha ndipo huanza kutafuta ufunguo wa injini. Na hapa, Bwana, sifanyi mzaha, nina uchungu. Kipindi changu cha umeme na Kidato cha Nne ni cha kwanza kila Alhamisi. Mtihani ni Novemba. Wanafunzi arobaini hawajafundishwa umeme hata leo, na hakuna mtahini atakayewauliza kama mwalimu wao alikwama Mnarani.

4. Elektroni isiyo na nguvu za kupanda kizuizi, mara nyingine huonekana upande wa pili bila kukipanda. Hupenya tu, na hesabu zinakubali. Mimi nami sina nguvu tena. Kwa hiyo naomba rasmi kibali cha kuonekana Kilifi bila kuvuka.

Ikiwa kibali hicho kitakushinda, basi iondoe feri, uweke molekuli moja. Utaniambia kwamba hiyo molekuli bado imo katika karatasi za wataalamu, na hakuna aliyewahi kuifunga mahali ikapitisha kitu. Ni kweli. Lakini kivuko ambacho hakijakuwapo na kina kanuni, nakiona afadhali kuliko kilichopo kisicho nazo. Kiponda asiachishwe kazi. Apewe molekuli ailinde, akae kando yake anywe chai kwa raha zake, maana haitamngoja. Wenye bendera nao wajipange mmoja mmoja kama umeme.

Nisalimie wote hapo ofisini: karani wa tiketi, Kiponda na mkewe, na yule bawabu ambaye mara zote nane aliniambia umetoka sasa hivi.

Ni mimi ninayengoja,
Joram Ndirangu
Mwalimu wa Fizikia (kwa sasa)

Tanbihi: Barua hii nimeiandika leo asubuhi kwenye benchi la kivukoni, kwa kuwa nilijua nina muda wa kutosha. Nikiwa katika lalamiko la tatu, feri ilifika, ikashika ukingo vizuri, watu wakapanda kwa zamu, ikang'oa nanga saa moja kamili. Kiponda aliniita mara mbili, nikampungia mkono asinikatize. Sasa ni saa mbili na robo, Kidato cha Nne wananingoja, na feri ya pili hata siioni. Kwa hiyo naomba uyafute malalamiko yote manne, na badala yake umwandikie Bwana Mwambire mistari miwili tu, kwa muhuri wako, umthibitishie kwamba leo feri ilichelewa.