Mashtaka Dhidi ya Mlima wa Gakunguru

Mwalimu Rwamba (mstaafu),
Gakunguru, Kianjokoma.
6 Mei 1976

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mpango wa Ardhi ya Miinuko.

Mheshimiwa,

MINTARAFU: MLIMA KUKAIDI RIPOTI YENU

Pokea heshima zangu kutoka Gakunguru, ambako nakuandikia nikiwa nimevaa makoti mawili. Nilifundisha jiografia miaka ishirini na sita, kwa hivyo niliisoma kwa makini ripoti yenu iliyobandikwa kwa chifu. Inasema hapa petu ni "tambarare, pa joto, mvua chache, panafaa pamba". Sikubisha. Karatasi ikishapigwa muhuri, mwenye makosa ni mlima, nami naushtaki mbele yenu kama ifuatavyo:

1. Mlima umekataa kulala. Septemba iliyopita afisa wenu, Bwana Thuranira, mzaliwa wa kule chini Mitunguu, alikuja kutugawia mashamba ya pamba. Aliteleza kwenye shamba langu akasimamia kwa jirani, na mafaili yake yakaendelea hadi mtoni. Tulipomwinua alitueleza kwa upole kwamba ripoti haina kasoro, ni nyasi zilizokuwa na umande.

2. Baridi inahujumu maendeleo. Pamba tuliipanda kwa utii. Ilichipua, ikaona ukungu, ikajikunja. Mke wangu Virginia ameng'oa mashina yote akawashia moto, na hata huo moto haukuwaka vizuri.

3. Mvua hainyeshi kwa kiasi mlichoipangia. Mlituamuru tukate miti ya mteremkoni na kusawazisha matuta, kwa kuwa mahali tambarare hapahitaji matuta. Tukakata, tukasawazisha. Aprili ikanyesha siku kumi na tisa mfululizo, bila kibali chochote kutoka kwenu.

4. Jumapili ya Pasaka, tukiwa kanisani, mteremko uliachia. Udongo ulifunika nyumba ya jirani yetu Karwirwa, mjane anayeishi peke yake, pamoja na zizi na ng'ombe wake wawili. Aliporudi alikuta tope jekundu na kipande cha bati. Hakulia. Aliniambia tu, "Mwalimu, ningekuwa na homa leo, ningekuwa humo ndani." Tulichimba siku tatu. Tulipata chungu kimoja na kengele ya ng'ombe.

5. Karwirwa alitembea hadi ofisini kwenu kuomba msaada. Karani alimfahamisha kwamba maporomoko hayatokei mahali tambarare, akampa fomu ya waathiriwa wa ukame. Ameileta kwangu nimjazie. Nimekwama kwenye swali la pili, linalouliza ni miezi mingapi tangu aone mvua.

Kwa sababu hizo, naomba mlima usawazishwe kabla ya mwisho wa mwezi huu. Kama tingatinga ni chache, basi Bwana Thuranira ahamie kwenye mteremko huo mpaka Julai, aisomee mvua ripoti hiyo kwa sauti. Na mkiona yote hayo ni mazito kwa kamati, turuhusuni turudishe miti na matuta, na Karwirwa apewe mahali pa kujenga. Kwa sasa analala jikoni kwetu.

Nisalimieni wanakamati wote, karani, mpiga chapa, mlinzi wa lango, na yeyote hapo ofisini aliyewahi kuona mlima.

Ni mimi mtiifu, nisiye na mahali pa kukaa wima,
Rwamba

N.B. Bahasha nilikuwa nimeifunga, nimeifungua tena. Karwirwa aliniomba nimsomee barua, nikamsomea. Alicheka kidogo tulipofika kwa afisa. Kisha akauliza ni nani aliyemwonyesha Bwana Thuranira nchi hii mara ya kwanza, kabla ya ripoti kuandikwa. Sikuweza kumdanganya. Ilikuwa Julai ya mwaka juzi, ukungu umefunika kila kitu, naye alibisha kwangu akaniomba nimpandishe huko juu akapime. Mimi nilikuwa nimekaa vizuri karibu na moto. Nilimwambia, "Huko juu ni tambarare tu, andika." Akauliza habari za mvua, nikasema ni chache, ili aende zake. Alinishukuru sana, akaandika.

 Karwirwa ameinuka, na sasa namsikia jikoni akifungasha nguo zake.