Redio ya Maurice na Kifo Changu

Jumatatu, 7 Machi 1966. Rusinga.
Nimevusha watu kutoka Mbita tangu asubuhi na hakuna aliyeniuliza habari. Zamani mtu hakutia mguu kwenye mtumbwi wangu kabla ya kuuliza kuna nini ng'ambo. Nilimweleza. Jioni walikuja ufukweni kusikia tena, nikiwa nimeongeza chumvi kidogo. Teresa, mjane anayeanika omena, wale dagaa wa ziwani, karibu na ninapofunga mtumbwi, alikuwa akitua kikapu chini na kusikiliza mpaka giza linaingia.

Sasa wote wako kwa Maurice. Amerudi kutoka mgodi wa Macalder na redio. Nimekwenda kuona. Wameizunguka kimya kama watu wanaoota moto. Hakuna anayemtazama mwenzake.

Siipendi. Anayekuletea habari unamtazama macho, unajua ameshiba au ana njaa, unajua umwamini kiasi gani. Sauti hii haina macho. Haiulizi umeamkaje. Baadaye nilikaa mtumbwini peke yangu, maji yametulia kama maziwa kwenye kibuyu. Nikafikiri: huenda sauti zote hizo zinapita juu ya ziwa sasa hivi, zinapita kando ya masikio yangu, na hakuna hata moja inayonijua.

Jumatano, 9 Machi.
Nimepata njia. Awino, mke wa Maurice, alivuka kwenda sokoni. Nikamwambia kwa upole kwamba redio ni kama mtoto anayejifunza kusema. Ikinyamazishwa mchana, inasahau maneno. Aiache iseme kutwa. Akanishukuru. Akasema mimi Cephas ni mtu mwema, ingawa wengine wanadai nina wivu. Nikakana. Betri hazitafika mbali.

Ijumaa, 11 Machi.
Betri zimefika mbali. Redio inasema tangu alfajiri. Kuku wa Awino wanatembea kwa mwendo wa dansi.

Mbaya zaidi ni James, jirani yangu mwenye shamba kubwa. Redio imesema mvua itachelewa, ameacha kupanda. Nikamwonyesha wingu upande wa Lambwe, jeusi kama sufuria. Akasema redio haijalitaja.

Hapo nikapata wazo. Kila jioni redio husoma matangazo ya vifo, na hayo watu huyaamini kuliko mahubiri. Je, ikimtangaza marehemu aliyekaa mbele yake, mzima, anakunywa chai? Nani ataiamini tena?

Nimekwenda Homa Bay kwa lori la pamba. Nikamkuta karani anayepokea matangazo, nikasema nimefiwa na ndugu yangu Cephas, mvushaji wa Rusinga. Akaniuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Nikaeleza. Nilieleza vizuri mno. Karani akavua miwani akapangusa macho. Na mimi pia. Akasema tangazo litasomwa Jumatano. Nimerudi nyumbani na majonzi ya kweli.

Jumatano, 16 Machi.
Nilivaa koti. Nilifika kwa Maurice mapema, nikakaa mbele kabisa, karibu na Teresa. Akaniuliza kama naumwa, kwa kuwa si kawaida yangu kuonekana pale. Nikamwambia asubiri tu.

Matangazo yakaanza. Alisomwa mzee mmoja wa Kisii. Kisha sauti ikaanza kufifia, kama mtu anayeteremka kisimani huku anaongea. Ikaisha.

Betri. Maurice akashangaa, maana ni mpya. Awino akasema yeye ameiacha iseme kutwa, kama Cephas alivyomshauri. Wote wakanigeukia. Nikasema labda ni baridi.

Hakuna mtu wa Rusinga aliyesikia kifo changu. Nimerudi nyumbani nikiwa hai bure.

Ijumaa, 18 Machi.
Asubuhi kulikuwa na ukungu mzito. Upande wa Mbita nikasikia vilio, na mtu akiita mtumbwi. Nikasema, maskini, kuna waliofiwa. Nikapiga kasia haraka. Nilipofika katikati nikalisikia jina la marehemu. Lilikuwa langu.

Ni dada yangu Leonida, aliyeolewa Suna. Alisimama ufukweni kichwa wazi. Nyuma yake shemeji Maroa alikuwa amelaza blanketi jipya mikononi kama mtoto mchanga. Walisikia redioni, wakasafiri mfululizo waje kunizika.

Nikawatokea kutoka ukunguni, nimesimama, kasia mkononi. Kilio kikakatika. Maroa akarudi nyuma mpaka kwenye matete. Leonida hakurudi. Aliingia majini na nguo zake, akanishika mguu, akaubonyeza.

"Una joto," akasema.

Kisha akauliza, polepole, ni nani aliyesema nimekufa. Nikamwambia ni redio, aone mwenyewe inavyodanganya watu. Akauliza redio ilijuaje jina la marehemu mama yetu. Nikalitazama kasia langu. Akanipiga kofi, akapanda mtumbwi, akakaa.

"Nimekulilia kutoka Suna mpaka hapa, owadwa, mtoto wa mama yangu. Machozi hayo nitayarudisha wapi?"

Nikapiga kasia. Ukungu ulitufunga pande zote. Hapakuwa na Mbita wala Rusinga, ni maji tu, na dada yangu akivuta kamasi taratibu. Kwa kitambo nilihisi ni mimi ninayevushwa. Nilitaka kumwambia pole. Nikasema ziwa limetulia leo.

Jumamosi, 19 Machi.
Siku ya Sabato. Baada ya ibada wazee wa kanisa walinizuia ndani kwa mazungumzo marefu, kwa kuwa Leonida alikuwa amewaeleza yote. Nilikubali kila walichosema ili nitoke.

Nje nikamkuta Maurice anahutubia. Anasema jambo moja sasa ni dhahiri. Redio ilisema neno moja tu, na watu wakaja kutoka Suna na blanketi. Je, habari hiyo ingefika Suna lini kwa mtumbwi wa Cephas? Watu wakaitikia. Hata James akaitikia. Mvua imenyesha juzi na jana, shamba lake liko tupu, naye anasema lazima anunue redio yake mwenyewe.

Teresa alinisubiri njiani. Akasema aliposikia vilio vikitoka majini, akasikia na jina, alidondosha omena wote mchangani.

"Nilijiuliza, sasa nani atanidanganya jioni?"

Hakucheka. Akauliza kama kweli nilitaka alie ili mimi nishindane na sanduku. Akaenda zake.

Nimeyawaza maneno yake mchana kutwa, nimelala chali mtumbwini, mawingu yanapita. Alidondosha omena. Wote. Hiyo ni dalili nzuri sana.

Jumatatu, 21 Machi.
Leonida na Maroa wamerudi Suna. Blanketi wameliacha. Leonida amesema nguo ya kuzikia hairudishwi nyumbani. Ni zito, nimelala vizuri.

Maurice amepata betri mpya. Simjali tena. Limekuja jambo kubwa zaidi. Mfanyabiashara mmoja, Mogaka, ameleta Mbita mashua ya injini. Inavuka kabla watu hawajamaliza kusalimiana. Katika safari fupi hivyo mtu atasimulia nini, na nani atamsikia kwa kelele ile? Samaki watahama. Watu watafika wanakokwenda wakiwa hawajuani.

Nilikaa ufukweni nikitazama mstari mweupe unaoachwa nayo majini, unapanuka, unafifia, mpaka ziwa linasahau. Ndipo wazo likanijia, laini kama usingizi. Abiria mmoja tu akianguka kutoka kwenye mashua ile. Kidogo tu, mahali pasipo na kina. Nami niwe karibu na mtumbwi wangu, nimwokoe watu wakiona. Nani ataipanda tena?

Anahitajika mtu mwepesi, mwenye kilio kinachosikika mbali. Kesho nitazungumza na Teresa.