Nilivyoiponya Ngano ya Mpwa Wangu

Jumatatu, 4 Agosti

Leo nimeanza rasmi kuiokoa dunia na njaa. Ni kweli nina wiki ya tatu hapa kituo cha utafiti wa ngano, lakini mbili za kwanza nilikuwa nazoea kiti. Kwenye karatasi yao wameandika "kibarua wa shamba". Makosa ya uchapaji. Mimi ni msimamizi mkuu wa afya ya ngano, na mwenye kubisha aje aniulize mimi mwenyewe.

Kazi nimepewa na mpwa wangu, binti wa dada yangu. Dada anatangaza kwamba ni yeye aliyemsihi mtoto anitafutie chochote, mradi nisiendelee kukaa sebuleni kwake kama kabati. Wivu tu. Mtoto mwenyewe aliona kituo kinapwaya, hakina kichwa.

Hapa wanamwita Daktari. Daktari wa majani! Hajawahi kumchoma mtu sindano. Mwaka wa sita huu anaozesha ngano kwa ngano, huyu bwana, huyu bibi, apate uzao usioshikwa na kutu. Kutu ni ugonjwa wa vumbi la rangi ya chungwa unaotafuna majani mpaka shuke linabaki makapi. Ijumaa ya wiki ijayo jopo la wakaguzi linakuja. Mbegu zake zikionekana zinahimili kutu, kazi inaendelea. Zisipoonekana, mradi unafungwa na yeye anarudi kwa mama yake. Sebule ni ile ile moja! Tutakaa wapi sote?

Kanizungusha shambani. Aibu niliyoiona sina pa kuiweka. Vishamba vyake vimepangwa vizuri, lakini vyote vimezungukwa na mistari ya ngano iliyougua hoi. Vumbi tupu! Nimetoka na suruali kama fundi rangi. Akaanza kunieleza kwa nini mistari ile iko vile. Nikamkatiza kwa upole, maana mjomba hafundishwi na mtoto aliyembeba mgongoni. Nikamsimulia nilivyowahi kulifukuza kundi la nzige kwa mluzi mmoja, wakageuka angani kama askari wa gwaride. Nilipomaliza, muda wake wa kueleza ulikuwa umekwisha.

Jumanne, 5 Agosti

Somo la jeni. Nimelimaliza kabla ya chai.

Anasema mbegu za zamani zilitegemea jeni moja kubwa ya kuzuia kutu. Kutu nayo si mjinga. Ikabadilika, ikapata upenyo, mashamba yakateketea kwa msimu mmoja. Kwa hiyo yeye amekusanya jeni nyingi ndogo ndogo ndani ya mmea mmoja. Nikamwambia hilo si la kwenda chuo. Jeni kubwa moja ni kama mbabe wa mtaa, siku akipigwa, mtaa mzima mmekwisha. Jeni ndogo nyingi ni kama shangazi zetu, hakuna hata mmoja anayeua, lakini ukiwachokoza wote kwa pamoja hutoki mzima.

Alicheka mpaka akashika meza. Akasema mjomba, hiyo nitaitumia mbele ya jopo. Shahada tatu, na mfano kauazima kwangu! Akili katika ukoo wetu hupitia kwa mjomba. Iko kwenye jeni.

Lakini nimelala macho mawili wazi nikiwaza ile mistari. Wageni waje waone wagonjwa kabla hawajaona wazima? Mtu hapokei wageni na kikohozi mlangoni. Ni lazima mtu mzima achukue hatua. Nimeangalia kushoto na kulia. Mtu mzima ni mimi.

Alhamisi, 7 Agosti

Operesheni imekamilika. Mashahidi: ndege wawili.

Kikwazo kilikuwa mtunza stoo, yule ninayemwita Kalamu Mbili. Huvaa kalamu mbili mfukoni, na sijawahi kuona hata moja ikiandika jambo la maana. Jana nilimwomba dawa ya kuua kutu. Akauliza ya nini. Nikasema Daktari kanituma. Akauliza mbona Daktari hajaja mwenyewe. Nikamuuliza kama rais hubeba maji yake. Akanitazama kama anayepima gunia, kisha akasukuma kitabu nitie sahihi. Nikatia sahihi yangu ile ndefu yenye mkia. Chini yake nikaandika "kwa niaba ya sayansi". Akasema haya, baba sayansi, bomba hilo hapo.

Leo alfajiri nimepuliza. Mistari yote ya wagonjwa, na vile vishamba vya katikati pia, maana dawa haina upendeleo. Mgongo umekufa. Mashujaa wengi walianza na maumivu ya mgongo.

Daktari hajui. Nataka ashtuke kwa furaha.

Jumatano, 13 Agosti

Maajabu! Kutu imekauka yote. Majani mapya yametoka safi kama nguo za shule siku ya kwanza. Nimepita nikijipongeza kimoyomoyo, halafu kwa sauti kidogo.

Nimemkuta Daktari kapiga magoti shambani na daftari. Anaangalia jani, anaandika sifuri. Jani lingine, sifuri. Nikaingiwa na huruma. Sifuri naijua, tumesoma wote tangu darasa la nne. Nikamwambia usijali mwanangu, mtihani una marudio. Akanijibu bila kuinua kichwa kwamba sifuri maana yake jani halina kutu hata chembe. Nikafurahi. Akasema ndiyo balaa lenyewe.

Hapo ndipo nilipolazimika kusikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo sijazoea. Kumbe mistari ile dhaifu aliipanda kwa makusudi! Akaiambukiza kutu kwa mkono wake, ili iwarushie vumbi wenzake wa katikati. Mmea ukizungukwa na wagonjwa mwezi mzima ukabaki kijani, ndiyo unajulikana kwamba una jeni za kuhimili. Bila ugonjwa, ngano imara na ngano goigoi zinafanana kama sare. Akasema leo hata ile mbegu dhaifu kuliko zote imepata sifuri. Akasema kesho kutwa ataliambia nini jopo? Kwamba katika shamba lisilo na ugonjwa hakuna aliyeugua?

Akakaa chini kwenye tope na koti lake jeupe. Nimembeba mtoto huyu tangu ana meno mawili. Sijawahi kumwona amekaa vile.

Nikasema huenda ni hali ya hewa.

Alhamisi, 14 Agosti

Mpango wa pili. Kama ugonjwa unatakiwa, ugonjwa nitauleta. Mimi si mtu wa kushindwa na kitu ninachoweza kukibeba kwenye gunia.

Jirani na kituo kuna mkulima ambaye ngano yake inaumwa bila kulipwa. Nimechuma majani yenye kutu gunia zima. Alidhani nimerukwa na akili, akanisaidia kufunga kamba. Saa nne asubuhi nilikuwa katikati ya shamba letu, nakung'uta majani juu ya ngano ya Daktari, nikiibembeleza iugue.

Nikaipa dakika kumi, ikagoma. Dawa bado ina nguvu ndani ya majani. Siku zote dawa za stoo ile hazifanyi kazi, ila hii!

Nikainua kichwa. Mkuu wa kituo amesimama mbele yangu. Kando yake Daktari. Nyuma yao Kalamu Mbili, kitabu mkononi, kimefunguliwa kwenye sahihi yenye mkia. Mkuu aliuliza kama jina la sayansi ndilo hilo. Nikasema inategemea anayeuliza.

Daktari hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu, "Mjomba, miaka sita." Akaenda zake. Saa mbili baadaye dada kapiga simu, na yeye kelele anazo. Kasema nisikanyage kwake mpaka ngano ile izae wajukuu.

Ijumaa, 15 Agosti

Jopo limekuja. Watatu, wamevaa viatu visivyojua tope.

Daktari kawaambia kila kitu bila kupindisha, dawa, gunia, mpaka sahihi. Nilijificha nyuma ya trekta, si kwa woga, bali kwa ajili ya kivuli. Mkaguzi mmoja mama, miwani puani, akauliza kama hakuna hata kona moja iliyonusurika. Daktari akasema kimebaki kishamba cha nyuma ya tangi la maji, alichokifunga asikiguse mtu mpaka jopo lenyewe likipime, na kwa hali ilivyo hategemei kitu.

Kishamba hicho sikuwa nimekiandika humu. Sababu za kiusalama.

Wakaenda, nami nyuma kwa mbali. Lo! Mistari ya pembeni imekolea vumbi la chungwa mpaka inatisha. Ngano goigoi zimeanguka chali. Na katikati, mbegu tatu za Daktari zimesimama kijani, zina madoa mawili matatu tu, kama mtu aliyepigana na shangazi zake akashinda. Mama wa miwani akapima jani baada ya jani. Alipima dakika ishirini nzima. Kisha akasema kishamba kimoja hakitoshi kuipitisha mbegu, lakini kinatosha kutoufunga mradi. Daktari kapewa msimu mwingine, arudie upya.

Akashika mdomo kwa mikono miwili. Mimi nikajitokeza, nikawaeleza wageni kwamba kishamba kile nilikiacha kwa makusudi, cha kulinganisha. Mama wa miwani akaandika kitu. Kalamu Mbili akakohoa.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimepandishwa cheo. Nimetolewa shambani, sasa niko ndani, naosha vyungu vya kuoteshea. Mkuu amenikataza kushika bomba lolote, hata la maji. Heshima hiyo hapewi kila mtu. Daktari ananisalimia tena, shikamoo fupi, ila shikamoo.

Leo nimegundua jambo zito. Kuna chumba wamejaza miche michanga ya msimu ujao, na wameiwashia mashine ya baridi kama jokofu! Wiki ya pili vitoto vile vinatetemeka gizani na hakuna mwenye roho ya kuuliza. Mlangoni pamebandikwa karatasi yenye maelezo marefu. Sikuisoma, maandishi madogo; nimeona tu "bila baridi hakuna mashuke", bila shaka ni methali. Kesho asubuhi, kabla hawajafika, nitaizima ile mashine na kuwaletea hita ya ofisini. Mpwa wangu atashangaa.

Na kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu, niseme kuhusu kishamba cha nyuma ya tangi. Sikukiacha ili kulinganisha. Kwenye njia ya kwenda huko alikuwa amekaa kinyonga, akanigeuzia jicho moja, nikarudi mbio.